Saa ya Biro kwenye Mkono wa Komando

Nimesikia mnatumia thina. Aliyeniletea habari ni mjukuu wangu, alipita kwenye kibanda chenu nyuma ya soko la Kasulu akakuta mmepanga makomandoo wa plastiki kwenye sinia, mmoja wenu anasugua kwa brashi ya viatu na mwingine anawapiga picha kwa simu ili watu wa Dar es Salaam wawaone. Akaniambia, "Bibi, wenzako wamepata dili." Nikamuuliza wanasafishia nini. Akasema thina, ile ya kuyeyushia rangi. Mungu atawasamehe, yeye ana moyo mkubwa. Mimi nimejaribu nimeshindwa, ndiyo maana nimeomba kalamu.

Jina langu ni Skolastika, mzaliwa wa Kitanga, ila Kibondo mjini wengi wananijua kama Mama Midoli. Kazi ya kuajiriwa nimefanya moja tu maishani, kusafisha midoli ya kale katika duka la Bwana Athumani, jirani na stendi. Sisemi midoli ya kike ya kusukwa nywele. Nasema wale wanaume wa plastiki, wanaenea kiganjani, wenye viungo vinavyogeuka na nguo zilizopakwa rangi kiwandani: askari, wapiga mbizi, watu wa anga, na wengine wamevaa chupi juu ya suruali, sijui kwao ni wapi. Wote tuliwaita makomandoo. Walikuja ndani ya mabelo ya mitumba yanayopitia Kasulu, wamebanwa kati ya viatu na mabegi. Wengi walikuwa wa kuuzia watoto tu. Lakini mara chache anatokea wa zamani kweli, na wa aina hiyo kuna watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaomtafuta ili wamweke kabatini wamtazame. Bwana Athumani alikuwa na ndugu zake Pangani na Dar, wao ndio waliowajua watu hao. Na watu hao wanaangalia rangi. Rangi ya kiwandani ikibanduka, hata sehemu ndogo kama chawa, wanamrudisha.

Nitawaeleza namna ya kumwosha komando asidhurike. Na nitawaeleza habari ya komando mmoja wa mtoto wa Murungu, ambaye kwenye mkono wa kushoto alikuwa na saa iliyochorwa kwa biro. Saa ile ndiyo kitu pekee ambacho mkono wa mtoto yule ulikiacha duniani, na mama yake alikuja kuniomba niilinde. Mtanivumilia nikianza na kuosha, maana bila hilo hamtaelewa kilichoipata.

Tuanze na vumbi letu. Huku kwetu juu vumbi ni jekundu, mnalijua, linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi lenye mfuniko. Mtu akimwona komando amekuwa mwekundu, mkono wake unakwenda kwenye maji moja kwa moja, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, kitu kichafu dawa yake maji. Vumbi lile likilowa linakuwa tope jembamba, linaingia kwenye mikunjo ya nguo na pembe za macho, na likikauka umempaka rangi ya pili. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu ndiyo umemaliza kabisa, umempiga msasa. Chukua brashi kavu, laini, ile ambayo dada zenu wanapakia poda. Mshike kichwa chini vumbi lidondoke, piga kutoka kwenye kiungo kuja nje, bila kukandamiza. Usipulize kwa mdomo, mate hayana adabu. Endelea mpaka ukimgonga juu ya karatasi nyeupe karatasi ibaki nyeupe, hapo sasa unaruhusiwa kuwaza habari ya maji.

Maji yenyewe yawe ya uvuguvugu, na sabuni ya maji tone moja tu. Usimzamishe. Kwenye viungo vya hawa wa zamani kuna vipini vya chuma, maji yakiingia yanakaa humo, na baada ya muda komando anatokwa na kutu kwenye magoti. Lowesha pamba ya masikio, ikamue, pitisha sehemu ndogo, kausha kwa kipande cha kanga kuukuu, hamia nyingine. Sabuni ya mawese inayopikwa nyumbani wachieni nguo na watoto. Ni kali, inakula rangi huku inanukia vizuri.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Filipo, ambaye kabla ya midoli alikuwa akitengeneza sanamu za watakatifu makanisani. Alikuwa mtu wa hasira na ugoro. Siku yangu ya kwanza nilimchukua askari mmoja nikaanza na uso, kwa sababu uso ndio uliokuwa mchafu. Alinipiga vidole kwa mpini wa brashi. "Mtu unaanza kumwosha macho kabla hujajua kama rangi yake inashika? Geuza! Chini ya unyayo!" Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila dawa, hata maji, unaijaribu kwanza chini ya unyayo, mahali ambapo mnunuzi haangalii. Pamba ikitoka na rangi, acha. Alikuwa na msemo wake, nadhani aliutunga mwenyewe maana sijausikia kwa mtu mwingine: "Uchafu ni mgeni, rangi ni mwenyeji. Usimfukuze mgeni kwa kubomoa nyumba." Kisha anavuta ugoro, anapiga chafya juu ya kazi yako.

Tulikuwa pia na binti mmoja, Zena, mchangamfu sana, ambaye aliona tunachelewa kukausha. Akawabeba makomandoo wote wa belo zima akawaanika juu ya bati, jua la mchana wa kiangazi. Tulipowashusha walikuwa wamepinda migongo na shingo, kila mmoja upande wake, wanaegemeana kama watu wanaotoka kwenye pombe ya ndizi. Bwana Athumani alisimama akawatazama muda mrefu. Akasema, "Zena, hawa wapeleke nyumbani kwenu, wakishapata fahamu utanirudishia." Tulicheka mpaka Mzee Filipo akakohoa damu kwenye leso.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize ninyi wa thina. Mzee Filipo alikuwa akiitumia kwenye sanamu zake za zamani, kuondoa rangi mbovu ili apake mpya. Na alifanyia kazi ile katika chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa na vitambaa vimesokomezwa chini ya mlango, kwa sababu ya vumbi. Aliogopa vumbi jekundu lisitue kwenye rangi mbichi. Mtu alijifungia na thina, miaka na miaka, akilinda mashavu ya watakatifu. Nilimwuguza mwishoni. Sauti yake ya kupumua ilisikika mpaka barabarani, na alikufa amekaa, kwa sababu kulala hakukuwezekana. Kifua cha komando mkikiharibu mnaweza kutafuta mwingine kwenye belo. Fungueni madirisha, watoto wangu, na chupa hiyo mkaitupe mbali.

Sasa nije kwenye wino, kwa sababu wino ndio habari yenyewe.

Biro ikichora juu ya sehemu yenye rangi, kwa mfano kifuani kwenye koti, wino unakaa juu ya rangi. Ukitumia spiriti kuutoa, rangi inatoka nao. Hapo huna la kufanya, muuze na alama yake. Lakini mikono na nyuso za wengi wa zamani hazikupakwa rangi, ni plastiki laini yenyewe, ya rangi ya ngozi. Pale pamba yenye spiriti kidogo inafuta wino mara moja, panabaki peupe, unajiona fundi. Kumbe plastiki laini inakunywa. Wino uliokaa muda mrefu umeshaingia ndani, ulichofuta ni wa juu tu. Tuliwahi kupeleka mpiga mbizi mmoja Dar, msafi kabisa, tulimwondolea mstari wa biro shingoni. Msimu ukapita, mnunuzi akapiga simu anafoka kwamba mstari umerudi. Bwana Athumani akadhani tumetapeliwa, mnunuzi akadhani tumemroga. Mzee Filipo ndiye aliyetuambia. "Haukutoka. Ulilala tu." Si kila plastiki hufanya hivyo. Nyingine wino haurudi kamwe, nyingine unarudi hafifu, na hakuna mtu anayeweza kukuambia mapema ni ipi itafanya nini. Tuliihesabu kuwa balaa kubwa kuliko zote za kazi yetu.

Mzee Filipo alikuwa ameshazikwa Esta alipoingia dukani. Nilimkumbuka. Alikuwa mwenyeji wa Murungu, mumewe Mwalimu Jofrey ni mtu wa Songea aliyepangiwa kufundisha huko. Walikuwa na mtoto mmoja, Festo, na kwetu ndiko walikomnunulia komando, mpiga mbizi mwenye suti nyeusi na mikono wazi. Siku ile Esta alikuwa amejitanda kanga mpaka kichwani, na habari ya msiba nilikuwa nimeshaisikia stendi. Homa ilimpanda mtoto kichwani, hawakuwahi.

"Mwakeye, mama," akaniamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwana wanje. Pole, pole sana."

Akafungua pindo la kanga akamtoa komando. Alikuwa amejaa udongo, walikuwa wamemkuta kwenye matuta ya viazi baada ya mazishi. Akaniambia matanga yanaanuliwa Jumamosi. Kwao, kabla ya kuanua matanga, vitu vyote vya marehemu vinafuliwa na kuwekwa safi mbele ya ndugu, ndipo wanasema kipi kigawiwe na kipi kibaki. Kitu kichafu cha marehemu hakilali ndani ya nyumba baada ya siku hiyo.

"Mtoe udongo wote, mama. Lakini huu mkono nakuomba usiuguse."

Akaugeuza mkono wa kushoto, akafuta tope kwa kidole. Kulikuwa na saa. Mkanda, duara, na mishale miwili yenye urefu sawa, hata usingeweza kujua ni saa ngapi. Mwalimu alikuwa akivaa saa, na mtoto alitaka komando naye avae.

"Alichora na biro ya baba yake," akasema. "Shule alikuwa hajaanza, daftari hana. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu ya Mwalimu, wakaiiba stendi ya Kasulu tukiwa tumembeba tunakwenda hospitali. Nimetafuta nyumba nzima, mama. Ukutani, mlangoni, kama kuna mahali amechora hata mkaa. Hakuna. Ni hii tu."

Nikamwambia mkono hautaguswa. Nililisema neno hilo kwa mdomo wangu, na nilikuwa na hakika.

Tope bichi halibanduliwi, linasubiriwa likauke, kisha linatolewa kwa kijiti cha ufagio kilichochongwa butu, na vumbi lake kwa brashi. Nilianza na miguu. Mkono wa kushoto niliufunga kitambaa cha kanga kuanzia kwenye bega, nikaukaza kwa uzi kama anavyofungwa mgonjwa. Nilikuwa nimefika kiunoni habari iliponifikia kwamba kaka yangu amefariki Buhigwe. Gari lilikuwa linaunguruma nje. Nikamwita Bwana Athumani nikamwonyesha.

"Huyu ni wa marehemu wa Murungu. Nitarudi Jumamosi asubuhi nimmalizie kabla hawajaja. Mama yake amesema mkono huu usiguswe."

"Nimekusikia. Nenda, mama, nenda. Poleni sana," akajibu, akanitilia pesa ya ubani kwenye mkoba. Alikuwa mtu mwema, na nawaomba mlishike hilo wakati mnasoma yanayofuata.

Nilirudi Jumamosi na gari la kwanza. Dukani nilikuta watu wapo tayari: Esta na Mwalimu wamesimama mbele ya kaunta, na Bwana Athumani anafungua kiboksi. Alikuwa na tabasamu ile ya msibani, ya mtu aliyefanya alichoweza. Akamweka komando juu ya kaunta.

Sijawahi kuona kazi nzuri namna ile, na haikuwa yangu. Suti nyeusi inang'aa kwa weusi wake mwenyewe, si wa mafuta. Mstari mwembamba wa njano kwenye mbavu uko mzima. Macho mazima. Bwana Athumani hakuwahi kushika brashi mbele yangu hata siku moja, lakini alikuwa ametutazama miaka yote ile, kumbe alikuwa anajifunza. Kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni, na uzi wake juu. Mkono wa kushoto ulikuwa mweupe, haukuwa na kitu.

Esta aliushika, akaugeuza, akaugeuza tena. "Saa iko wapi?"

Nilimtazama Bwana Athumani, naye akamtazama Mwalimu.

"Mama," Bwana Athumani akasema taratibu, "Mwalimu alipita jana. Akakuta komando wa mtoto wenu bado ana udongo na kesho yake ni matanga. Nikaona aibu. Nikamwambia mama amesema mkono usiguswe. Akasema futa, futa yote. Ni baba wa mtoto. Baba akishasema, mimi niseme nini?"

Ndilo kosa lenyewe hilo, na msidhani ni kosa la Pangani, kwao Bwana Athumani. Lingefanyika hivyohivyo Kitanga kwetu, na Songea pia. Kwenye msiba wa mtoto neno la baba ndilo neno. Bwana Athumani aliwasikia wote wawili vizuri kabisa, akafuata la yule ambaye sote tumefundishwa kumfuata.

"Kwa nini?" Esta akamuuliza mumewe.

Mwalimu Jofrey alikuwa mtu mrefu, mpole, kila mara shati limepigwa pasi. Aliinama akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Kwa sababu ya ile biro nilimpiga," akasema. "Ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nilikuwa nasahihisha, nikaitafuta biro, nikamkuta nayo chini ya kitanda ameharibu ncha. Nilimpiga mkononi, Esta. Mkono uleule aliochorea. Akanionyesha saa, akasema amemchorea komando ili awe kama mimi, na mimi nilikuwa nimeshampiga. Kesho yake homa. Kila nikiiona ile saa nasikia... Nilitaka isiwepo."

Esta hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimfunga komando kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno.

"Yeye ulimpiga mkono," akasema. "Na mimi leo umenipiga."

Wakatoka, yeye mbele na mume nyuma, kwenda kuanua matanga.

Bwana Athumani alifunga duka siku ile kabla ya adhuhuri. Alikaa kwenye kiti changu akaniambia alifanya kwa nia njema. Nikamwambia najua. Nilimchukia, nasema wazi, nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja, na ilipita muda mrefu kabla sijaweza kunywa chai yake. Mwalimu nilishindwa hata kumchukia. Na mimi nilikuwa nimebeba kitu kifuani ambacho wao hawakukijua: kwamba ile ilikuwa plastiki laini, na wino unaweza kuwa umelala. Mtaniuliza kwa nini sikukimbia nyuma ya Esta nikamwambie. Ningemwambia nini? Kwamba huenda? Mama aliyezika, umpe huenda akae nayo kila asubuhi anautazama mkono wa plastiki? Nilifikiri juu ya jambo hilo nikipalilia, nikipika, nikalala nalo, na nilinyamaza.

Kwa hiyo mkiniuliza dawa gani nzuri, mimi nawauliza, mmemuuliza nani? Anayeleta komando kusafishwa si lazima awe ndiye anayemjua. Alama ya meno kwenye kidole cha mguu, mkwaruzo kifuani, herufi iliyokwanguliwa mgongoni, ninyi mnaona kasoro kwa sababu mmemzoea mnunuzi wa kabati. Ulizeni kwanza nani alimshika. Ulizeni nyumba nzima, na mama mumuulize wa kwanza na wa mwisho. Udongo unaweza kungoja. Sijaona komando aliyekufa kwa kungoja.

Mvua zilikuja zikaisha. Viazi vilichimbwa, kiangazi kikarudi na vumbi lake, barabara ya Murungu ikawa nyekundu mpaka majani. Nilikuwa peke yangu dukani, Bwana Athumani amekwenda kuswali, Esta akaingia. Alikuwa amekonda. Safari hii komando hakuwa kwenye pindo la kanga, alikuwa amemshika mkononi kama watu wanavyoshika simu.

"Mwakeye, mama. Naomba umtoe vumbi. Nasikia vumbi linakwaruza."

"Linakwaruza, ego, ndiyo. Nani amekuambia?"

"Ulituambia mwenyewe, siku tunamnunua. Festo aliuliza kama anaruhusiwa kumwogesha."

Sikukumbuka. Nilivuta kiti nikamchukua, na kabla sijashika brashi nikauona mkono wa kushoto. Kulikuwa na kivuli cha bluu. Duara lilikuwa limevimba na mkanda umekuwa mpana, kingo zake zimefifia kama wino juu ya karatasi iliyolowa. Mishale ilikuwa imeungana ikawa doa moja katikati. Lakini ilikuwa saa. Ukijua kwamba palikuwa na saa, uliiona.

"Mwalimu ndiye aliyeiona kwanza," Esta akasema. "Alikuwa anafuta meza. Akaniita, Esta njoo, imerudi. Nikamkuta amekaa chini sakafuni. Sijamwona akilia tangu tulipozika, nilidhani hana machozi. Akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi nilimpa maji. Ndiyo mara ya kwanza nimempa kitu mkononi tangu siku ile. Vingine nilikuwa naweka mezani." Kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Itakaa, mama? Nimekuja kwako uniambie kweli. Itakaa, au itaondoka tena?"

Na hapa kazi inakuwa ngumu kuliko kuosha macho. Ningeweza kusema itakaa nikaishia hapo, na usingekuwa uongo.

"Itakaa," nikamwambia. "Haitatoka tena, hata ukiisugua. Lakini haitakaa hivi. Wino ukishaingia kwenye plastiki hii unatembea, polepole. Utatanuka."

"Utatanuka mpaka wapi?"

"Huenda mpaka kiwiko. Huenda mpaka begani. Saa haitaonekana tena kama saa. Utabaki mkono wa bluu."

Alifikiri. Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Kasulu. Nilimwona akiutazama ule mkono, anaupima kwa macho, kutoka kiganjani kwenda begani.

"Basi uwe wa bluu," akasema. "Ni yeye."

Nilimgeuza komando kichwa chini nikaanza kazi. Nilitoa vumbi la njia ya Murungu miguuni, kiunoni, mgongoni, kwenye mstari wa njano wa mbavu, shingoni na usoni, na mkono wa kulia tu. Kisha nikamrudishia mama yake.